Usiniulize kama nina uhakika, niachie njia ya kurudi

Kati ya vitu vyote tunavyovichora sisi wanafunzi wa usanifu wa violesura, yaani skrini na vitufe ambavyo mtumiaji anaviona na kuvigusa, sijui kama kuna kinachochorwa haraka kuliko kisanduku cha "Una uhakika?". Mtumiaji anataka kufuta kitu, msanifu anaogopa lawama, basi kisanduku kinapachikwa katikati ya skrini, nyuma yake panatiwa giza, vitufe viwili chini, kazi imekwisha. Msimamo wangu, ambao nimeubishania sana na wenzangu studio, ni kwamba mara nyingi kisanduku hicho hakimkingi mtumiaji. Kinamkinga aliyekichora.

Chukua mtu anayepunguza picha kwenye simu. Picha ya kwanza, kisanduku kinatokea, anakisoma, anagusa "Futa". Ya pili anakitupia jicho tu. Akifika ya tano hakioni tena. Kidole kimeshajifunza kwamba kufuta ni kugusa mara mbili: mara moja kwenye alama ya tupio, mara ya pili pale ambapo kitufe kitatokea. Ukikaa karibu naye utaona kidole kimefika mahali hapo na kinasubiri, kisanduku chenyewe bado kinafunguka. Sasa akigusa picha isiyo yenyewe, kidole kile kile kitathibitisha kwa kasi ile ile.

Donald Norman, mwanasaikolojia ambaye maandishi yake hayakwepeki katika fani hii, anatenganisha makosa ya watumiaji katika mafungu mawili. Kuna mtelezo: nia ilikuwa sawa, tendo likapotoka, kama kugusa faili la jirani. Na kuna kosa la nia: tendo lilikwenda kama lilivyokusudiwa, ila fikra iliyolizaa haikuwa sahihi, kama kufuta folda ukidhani nakala yake ipo kwingine. Kisanduku hakifui dafu kwa lolote kati ya hayo. Kwenye mtelezo, mazoea ya kidole yanakivuka. Kwenye kosa la nia, ukiniuliza kama nina uhakika nitakujibu kwa moyo mweupe kwamba ninao, na ninao kweli. Utanitoka baadaye kidogo. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Sisi tunakwenda kumhoji babu.

Mfano mzito kuliko yote ni Therac-25, mashine ya kutibu saratani kwa mionzi. Kati ya 1985 na 1987 wagonjwa sita nchini Marekani na Kanada walipigwa na mionzi mikali kupita kiasi, na baadhi yao wakafa. Kiini kilikuwa hitilafu za programu, pamoja na uamuzi wa kuondoa vizuizi vya kimaumbo vilivyokuwemo katika mashine iliyoitangulia. Ila upande wa skrini nao una hadithi yake. Mashine ilikuwa na tabia ya kusimama kwa vijisababu, ikitoa ujumbe kama "Malfunction 54" bila kueleza kuna nini, na mhudumu aliruhusiwa kuendelea kwa kubonyeza herufi P. Ilisimama mara nyingi hata kubonyeza P kukawa sehemu ya kazi ya kila siku. Mwaka 1986, huko Texas, mhudumu alibonyeza P baada ya ujumbe huo, na mgonjwa ambaye tayari alikuwa amepigwa na mionzi akapigwa tena. Hitilafu yenyewe iliamshwa na mwendo wa haraka: mhudumu mzoefu alikuwa amekosea herufi moja, akarudi juu kwenye skrini kuirekebisha na kushuka ndani ya sekunde chache. Aliyechapa polepole hakuiona kabisa. Kila nikisoma habari hizi narudia kuwaza kwamba ustadi wa mtumiaji, kitu tunachokitamani, ndio uliofungua mlango.

Kwa hiyo badala ya kuuliza kabla, ruhusu kurudi baada. Mwaka 2009 Gmail ilileta, kama jaribio, kitufe cha kutendua (kubatilisha tendo) barua iliyotumwa, na 2015 kikawa cha kawaida kwenye tovuti yake. Kinachonifurahisha ni ujanja uliomo ndani. Barua hairudishwi kutoka popote, ilikuwa haijaondoka. Inashikiliwa kwa sekunde 5, 10, 20 au 30, kadiri mwenyewe utakavyochagua, na mpokeaji hajui kitu. Muda huo ndio ule ambao jicho linaona jina lisilo lake kwenye sehemu ya mpokeaji, yaani majuto yanapewa nafasi yanapofika, si kabla.

Mbona basi visanduku bado vimejaa? Kwa sababu ni rahisi. Kisanduku ni mistari michache ya msimbo wa programu na kinaweza kuongezwa siku moja kabla ya programu kutoka. Kutendua hakupakwi juu mwishoni kama rangi ya ukuta. Lazima data yenyewe ipangwe tangu mwanzo ili kila tendo liwe na kinyume chake, au kilichofutwa kiwekwe alama tu kwamba kimefutwa huku kikiendelea kuwepo. Hilo linaamuliwa na waandishi wa programu wiki ya kwanza, wakati msanifu bado anachagua rangi.

Ugumu unazidi watu wakiwa wengi. Tuseme tunaandika waraka mmoja, wewe na mimi, kila mtu kwenye mashine yake. Mimi naandika sentensi, wewe unafuta aya nzima yenye sentensi ile, mimi nagusa "Tendua". Kirudi nini? Ikirudi aya yako, nimeharibu uamuzi wako bila kukuuliza. Ikitenduliwa sentensi yangu, hakuna kitakachobadilika kwenye skrini na nitadhani kitufe kimekufa. Kanuni inayokubalika na wengi ni kwamba kila mtu atendue matendo yake mwenyewe tu, na mimi naikubali, lakini haimalizi tatizo la kitufe kinachofanya kazi bila kuonyesha chochote. Hapo ningeandika maneno machache kando ya waraka: aya hii imefutwa na mwenzako, unaweza kuiona kwenye historia.

Tatizo jingine ni ule mkanda mdogo wa "Tendua" unaochomoza chini ya skrini na kutoweka baada ya sekunde chache. Mwanasaikolojia Paul Fitts alionyesha mwaka 1954 kwamba muda wa kuifikia shabaha unaongezeka kadiri inavyokuwa mbali na unapungua kadiri inavyokuwa pana. Sisi tunachukua kitufe cha uokoaji, tunakifanya chembamba, tunakipeleka pembeni, halafu tunakiwekea saa. Mtu anayetumia kisoma skrini, programu inayowasomea wasioona kwa sauti, hajamaliza hata kusomewa, mkanda umeshaondoka. Miongozo ya WCAG, ile ya kimataifa ya kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, inadai kwamba muda wa aina hii uweze kuzimwa, kurekebishwa au kurefushwa, na bado mikanda hii inapita kwenye mapitio bila mtu kuinua mkono.

Sisemi visanduku vyote vifutwe. Pesa zikishatumwa zimekwenda. Hapo uliza, lakini uliza kitu. "Una uhakika?" si swali, maana halitaji jambo lolote. Onyesha jina la mpokeaji na kiasi kwa maandishi makubwa, na kitufe chenyewe kiseme kinachofanya: "Tuma". Nimewahi kuona kisanduku kinachouliza "Ungependa kughairi oda hii?" huku vitufe vyake ni "Ghairi" na "Sawa". Jaribu kujibu. GitHub, tovuti ambako waandishi wa programu huhifadhi kazi zao, wanakutaka uchape jina la hazina ya msimbo kabla ya kuifuta, na huo ni msuguano wa makusudi ninaouheshimu, kwa sababu kidole hakiwezi kuzoea jina linalobadilika kila mara.

Ninapojaribu mchoro na watu siwaulizi kama kisanduku kinaeleweka. Kila mtu atasema kinaeleweka. Nawapa kazi ya kujirudia, kisha katikati naingiza kisanduku chenye sura ile ile na maneno tofauti kabisa, nione nani atasita. Wanaosita ni wachache.

Ninapobanwa na hoja yangu mwenyewe ni kwenye faragha. Kutendua kunahitaji kitu kibaki mahali fulani, na wapo wanaofuta kwa sababu hawataki kibaki popote: ujumbe kwenye simu inayoshikwa na wengi, picha ya mtu waliyeachana. Tupio linalotunza vitu kwa siku 30 linamwokoa aliyeteleza na kumsaliti huyu. Kwa sasa mradi wangu una njia mbili, "Peleka kwenye tupio" isiyouliza chochote, na "Futa kabisa" inayotaja kitakachopotea na kwamba hakitarudi. Mwalimu wangu anaona kitufe cha pili kitawatisha watu. Mimi naona ni sawa kiwatishe kidogo, mradi kiwe mbali na cha kwanza.