Nani hupanda rolakosta mpya kwanza?

Wengi huamini kwamba rolakosta mpya, ile treni ya burudani inayopanda na kuporomoka relini, hujaribiwa kwanza na jasiri anayelipwa kuhatarisha maisha. Sivyo, ingawa kazi hiyo isingekosa waombaji. Abiria wa kwanza huwa masanamu ya plastiki yaliyojazwa maji, au mifuko ya mchanga, yenye uzito unaokaribia wa binadamu. Vihisi vilivyofungwa kwenye mabehewa hurekodi nguvu zitakazoukandamiza mwili kwenye kona na miteremko. Treni ikikwama njiani, watu husema imeharibika. Kumbe huenda magurudumu bado ni ya baridi na msuguano ni mkubwa, au mafundi wameisimamisha makusudi kupima breki. Wafanyakazi hupanda baadaye, vipimo vikisharidhisha.