Ishara ni nini? Tusome kava la Abbey Road

Dalili ya mvua ni mawingu, walisema wahenga. Hawakusema ishara ya mvua, na nadhani walijua wanachokisema. Wingu na mvua vimefungamana kwa maumbile. Ishara hufungamana na maana yake kwa mazoea ya watu tu: njiwa hana amani kuliko kuku, ni sisi tuliomkabidhi kazi hiyo.

Tofauti hii ndogo ndiyo inayowapotosha wengi wanapochambua makava ya albamu, na sijui mfano mzuri kuliko Abbey Road ya The Beatles, bendi ya Uingereza, iliyotoka Septemba 26, 1969. Wanamuziki wake wanne wanavuka barabara kwenye zebra, karibu na studio walimorekodia jijini London. Upande wa mbele hakuna jina la bendi wala la albamu. Basi macho yakabaki na picha tupu, na macho yasiyopewa maneno hujitafutia.

Oktoba mwaka huohuo, redio na magazeti ya wanafunzi huko Marekani yakavumisha kwamba Paul McCartney, mmoja wa wanne hao, alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1966, na anayeonekana ni mtu aliyefanana naye tu. Kava likageuzwa ushahidi. John Lennon ametangulia na suti nyeupe: huyo kasisi. Ringo Starr na suti nyeusi: msimamizi wa mazishi. George Harrison nyuma kabisa na jinzi: mchimba kaburi. Paul yuko pekupeku, hatua yake haiendi na za wenzake, na sigara ameishika mkono wa kulia ilhali ni mtu wa shoto. Maiti ni nani tena? Hata Volkswagen iliyoegeshwa kando haikusalimika. Namba zake ziliishia na 281F. Wakaisoma 1 kama herufi I, wakapata neno la Kiingereza IF, lenye maana ya “kama”: angekuwa na miaka 28 kama angekuwa hai. (Hesabu yenyewe ilikataa. Paul alizaliwa Juni 1942, kwa hiyo angekuwa na 27.)

Angalia rangi zilivyosomwa. Msomaji wa Lamu au Unguja, ambako maiti huvikwa sanda nyeupe, pengine angemwona Lennon ndiye marehemu. Picha ileile, msiba mwingine.

Je, waliopiga picha walikusudia nini? Wazo la kuvuka zebra lilikuwa la Paul mwenyewe, aliyelichora kwenye karatasi. Agosti 8, mpiga picha Iain Macmillan alipanda ngazi katikati ya barabara, askari akazuia magari, zikapigwa picha 6 kwa dakika kama 10. Iliyochaguliwa ni ya tano. Katika za mwanzo Paul ana viatu vya wazi miguuni. Siku ilikuwa ya joto, akavivua. Na suti za “kasisi”, “msimamizi” na “maiti” inasemekana zote zilitoka kwa fundi mmoja, Tommy Nutter.

Kwa hiyo miguu mitupu ilikuwa dalili, na dalili ya joto tu. Wasomaji ndio walioipandisha cheo ikawa ishara ya kifo. Wapo wanaosema basi maana hiyo ni batili kwa kuwa msanii hakuikusudia. Mimi sikubaliani nao. Ishara huzaliwa pale watu wanapozoea kukisoma kitu kwa namna fulani, na msanii hana hati miliki ya mazoea hayo. Paul alilielewa hilo. Mwaka 1993, kwa kava la albamu yake Paul Is Live, alirudi kwenye picha ileile ya zebra, akiwa na mbwa. Namba za gari zimebadilishwa kuwa 51 IS, yaani ana miaka 51, yu hai. Safari hii amevaa viatu.