Baka jekundu la mtoto si kosa la mama

Ule ujumbe umerudi tena kwenye magrupu ya Moshi: eti mjamzito akijishika tumbo mwezi ukipatwa, mtoto huzaliwa na baka jekundu. Si kweli. Baka hilo ni mishipa midogo ya damu iliyotanuka au kuongezeka kwenye ngozi. Libonyeze taratibu kwa kidole: mara nyingi hufifia, kisha wekundu hurudi.

Kinachochanganya watu ni aina moja inayojitokeza wiki chache baada ya kuzaliwa, ikavimba kwa miezi, halafu ikanywea yenyewe polepole. Aliyekuwa akipaka majivu hudhani ndiyo yaliyoponya. Likiwa karibu na jicho, au likitoka damu, mpeleke mtoto hospitali, matibabu yapo. Ujumbe wenyewe usiusambaze. Kuna mama anausoma huku amempakata mwanawe.