Mgonjwa mmoja, nadharia ngapi?

Wanafunzi wa uuguzi wanapokuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo, haupiti mwaka bila mmoja wao kunivuta pembeni na kuniuliza: "Sista, kwenye mpango wa huduma niandike nadharia moja, au naruhusiwa kuchanganya?" Anamaanisha nadharia za uuguzi, yaani mafundisho ya wataalamu kuhusu mgonjwa ni nani na muuguzi amhudumie vipi. Nina miaka 18 kwenye kazi hii hapa Dar es Salaam, mingi yake kwa wagonjwa wa kisukari, na jibu langu limeshabadilika mara mbili. Kwenye korido hatupati nafasi ya kulizungumza likaisha, kwa hiyo nalieleza hapa.

Nianze na bibi mmoja wa Tandika. Alikuwa na miaka 63, kisukari cha muda mrefu, na kidonda chini ya mguu wa kulia, karibu na kidole gumba. Alilazwa, kidonda kikaanza kusafika, sukari ikashuka, tukajiandaa kumruhusu. Mimi niliyesoma Dorothea Orem nikampenda tangu chuoni, nilijua la kufanya. Orem, muuguzi wa Marekani aliyetoa kitabu chake kikuu mwaka 1971, anasema mtu mzima kwa kawaida hujitunza mwenyewe, na kwamba muuguzi anahitajika pale uwezo wa kujitunza unapokuwa mdogo kuliko mahitaji. Kazi ya muuguzi ni kupima pengo hilo. Likiwa kubwa kabisa, anamfanyia mgonjwa kila kitu. Likiwa la wastani, wanagawana. Likiwa dogo, anamfundisha na kumtia moyo.

Bibi alikuwa na akili timamu, macho yanaona, mikono ina nguvu. Kwa hesabu ya Orem huyo ni wa kufundishwa. Nikamfundisha: kusafisha kidonda, kukausha katikati ya vidole, kukagua nyayo kila jioni, kutotembea peku hata ndani, kukung'uta viatu kabla ya kuvaa. Alinionyesha mara mbili kwa mikono yake, sawasawa kabisa. Nikaandika kwenye faili kwamba ameelewa, naye akaruhusiwa.

Alirudi baada ya siku 17. Kidonda kilikuwa kimepanuka, kingo zake nyeupe, zimelainika kama ngozi iliyokaa majini.

"Shikamoo bibi. Mbona mguu umekuwa hivi?"

"Marahaba mwanangu. Si maradhi tu."

"Nyumbani anausafisha nani?"

Akanyamaza. Aliyejibu ni mkaza mwana wake, aliyekuwa amekaa kwenye benchi na mkoba mapajani. "Mimi, sista. Namkanda kila jioni, maji ya moto na chumvi. Mama mkwe ajioshe mwenyewe mguu na mimi nipo? Watu watasema nini?"

Nilikaa na maneno hayo usiku mzima wa zamu. Yule binti hakuwa mzembe. Alikuwa anafanya kitu cha heshima kuliko vyote anavyovijua: kumkanda mkubwa wake kwa maji ya moto, kama tunavyomkanda mzazi aliyetoka kujifungua. Tatizo ni kwamba mishipa ya fahamu ya mguu wa kisukari inapokufa, mguu hausikii moto. Maji ambayo mtu mwingine angeyakimbia, bibi aliyaona vuguvugu, na kulowesha mguu kila siku kulikuwa kunakilainisha kidonda badala ya kukikausha. Na mimi nilikuwa nimemfundisha mtu ambaye nyumbani hana nafasi ya kuyafanya niliyomfundisha.

Wasomaji wanaomjua Orem vizuri watanisahihisha, na wana haki. Orem ameacha nafasi ya mtu kutunzwa na mwenzake: mtoto mchanga, mgonjwa asiyejiweza, mzee aliyedhoofika. Lakini bibi huyu hakuwa hata mmoja kati ya hao. Alikuwa anajiweza, ila heshima ya nyumba ilimtaka asijihudumie. Kwenye fomu yangu iliyotokana na Orem, uwezo wake ulikuwa kamili na pengo lilikuwa dogo. Fomu haikusema uongo. Ila haikuwa na swali la kumpata mkaza mwana.

Swali hilo nililipata kwa Madeleine Leininger, ambaye chuoni nilimsoma kwa ajili ya mtihani nikamwacha hapo. Leininger alikuwa muuguzi na mwanaanthropolojia, na miaka ya 1960 aliishi na watu wa Gadsup huko Papua New Guinea akijifunza jinsi wanavyotunzana. Alichokisisitiza ni kwamba kila jamii ina namna yake ya kumhudumia mgonjwa kabla muuguzi hajafika, na muuguzi akikuta namna hiyo ana njia tatu: kuihifadhi, kuafikiana nayo, au kusaidia watu waibadilishe. Kwa nyumba ya Tandika nilihitaji zote tatu. Heshima ya mkaza mwana kumhudumia mama mkwe tuliihifadhi. Yeye ndiye angeendelea kuosha. Saa ya jioni waliyoizoea tuliiacha ilivyo. Maji ya moto na chumvi yalibadilishwa, na kwa hilo sikumwachia mtu nafasi ya kunikatalia, ila nilimweleza sababu mpaka nikaona uso wake umekubali. Nilimwambia mguu wa mama yake umelala usingizi, hauwezi kulia ukiungua, kwa hiyo lazima awepo wa kulia kwa niaba yake.

Hapo ndipo jibu langu lilipobadilika mara ya kwanza. Nilitoka kwenye "nadharia moja tu" nikahamia "tumia zote". Na kwa miaka kama mitatu niliwashauri vibaya wanafunzi wangu.

Niliiona hasara yake siku niliyopokea mpango wa huduma wa mwanafunzi hodari, wenye majina saba: Nightingale, Henderson, Peplau, Orem, Roy, Rogers na Watson. Kila tatizo la mgonjwa lilikuwa limepewa mwenye nadharia wake. Nilimuuliza swali moja: "Kwa mpango huu, mgonjwa wako ni nani?" Hakuweza kujibu, na kosa lilikuwa langu mimi mwalimu.

Nieleze nina maana gani. Nadharia za uuguzi karibu zote zimesimama juu ya mihimili minne, ambayo Jacqueline Fawcett, mchambuzi wa nadharia za uuguzi, aliipanga vizuri: mtu, mazingira, afya na uuguzi wenyewe. Zinapotofautiana ni jinsi kila moja inavyoieleza mihimili hiyo. Callista Roy, aliyeanza kuandika mwaka 1970, anamwona mtu kuwa mfumo unaopokea vichocheo kutoka nje na kujirekebisha ili avimudu. Unaweza kumtazama kwa pande nne, mwili, jinsi anavyojiona, majukumu yake na kutegemeana kwake na wengine, ukatafuta upande ulioelemewa. Martha Rogers, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka huohuo wa 1970, anakataa msingi huo. Kwake binadamu ni kitu kizima kisichogawanyika, kinachokwenda pamoja na mazingira yake bila mpaka wa huku ndani na kule nje. Sasa ukiandika ukurasa wa kwanza kwamba joto la wodi ni kichocheo kinachomshambulia mgonjwa kutoka nje, na ukurasa wa pili kwamba mgonjwa na mazingira havitenganishiki, umeandika watu wawili kwenye kitanda kimoja. Ukifika kwenye tathmini hujui unampima yupi.

Kwa hiyo kabla ya kuoanisha nadharia mbili, jiulize kama zinakubaliana mtu ni nani. Orem na Leininger wanakaribiana vya kutosha: wote wanamwona binadamu mwenye mahitaji yanayoweza kutajwa na vitendo vya utunzaji vinavyoweza kufundishwa. Mmoja anauliza ana uwezo gani, mwingine anauliza kwao utunzaji unafanywaje. Maswali hayo yanakaa pamoja bila kugombana.

Msimamo wa nadharia moja nao una haki yake, na wanaoutetea si washamba. Fikiria zamu ya usiku, wodi ina wagonjwa 40, wauguzi ni wawili. Saa moja na nusu asubuhi mnakabidhiana zamu huku mnasikia daladala zikipiga honi barabarani na wenzenu wanaoingia bado wanafunga aproni. Dakika hizo hazitoshi kueleza kwamba kitanda namba tano nimemtazama kwa macho ya Peplau na kitanda namba sita kwa macho ya Roy. Mnahitaji lugha moja, mpangilio mmoja wa faili, maswali yaleyale kwa kila anayelazwa. Virginia Henderson alitupa mahitaji 14 ya msingi ya mtu, kuanzia kupumua na kula mpaka kuabudu, kucheza na kujifunza, na wodi inayoyafuata yote 14 kwa uaminifu itaona mengi ambayo wodi isiyo na utaratibu haiyaoni. Uingereza, wodi nyingi zilishika mfumo wa Roper, Logan na Tierney wa mwaka 1980 wenye shughuli 12 za kuishi. Ulidumu kwa sababu ulikuwa wa pamoja. Ukalaumiwa pia kwa sababu watu waliugeuza orodha ya kuweka vema, na hiyo ni hatari ya fomu yoyote, hata hizi zetu.

Kwenye utafiti nitakuwa mkali zaidi. Anayeandika tasnifu ya shahada achukue nadharia moja na aishi nayo. Maswali ya dodoso, vigezo, uchambuzi, vyote vinazaliwa na nadharia. Ukileta mbili bila kuonyesha zinaunganika wapi, msimamizi wako hatajua matokeo yanathibitisha nini.

Jambo jingine, ambalo nadhani lingepunguza ubishi huu vyuoni kama lingesemwa mapema: nadharia hazilingani ukubwa. Za kina Orem, Roy na Rogers ni nadharia kuu, zinataka kuueleza uuguzi wote. Zipo za upeo wa kati, zinazoshika jambo moja tu. Merle Mishel mwaka 1988 aliandika juu ya hali ya kutojua wakati wa ugonjwa: mtu asiyeweza kutafsiri dalili zake, asiyejua kesho itakuwaje. Ukikaa na familia inayosubiri majibu ya kipande cha nyama ya mgonjwa kilichopelekwa maabara, utamhitaji Mishel kuliko mahitaji yote 14 ya Henderson. Katharine Kolcaba ameandika juu ya faraja, na mkunga yeyote aliyewahi kumsugua mama mgongo wakati uchungu umepamba moto atamwelewa kwa kusoma mara moja. Nadharia ndogo ya namna hii huingia ndani ya nadharia kuu bila kuvunja ukuta.

Florence Nightingale, mwasisi wa uuguzi wa kisasa, sijamgusa, na sitamgusa sana. Tarehe 12 Mei, siku aliyozaliwa mwaka 1820, tunawasha mishumaa na kurudia kiapo chetu. Hewa safi, mwanga, usafi na utulivu alivyovisisitiza mwaka 1859 havihitaji kuteuliwa kwenye fomu. Mwezi wa Februari, joto la Dar likiwa limetuama wodini, fungua dirisha kwanza.

Msimamo wangu wa leo, basi, ni huu: nadharia moja iongoze, na ya pili iitwe pale tu ya kwanza inapokosa swali. Ikiitwa, iandikwe imeitwa kwa nini. "Leininger, kwa kuwa anayemsafisha kidonda nyumbani si mgonjwa mwenyewe." Mstari mmoja unatosha. Mwanafunzi asipoweza kuuandika mstari huo, nadharia ya pili haina kazi pale na aifute.

Kwa bibi wa Tandika niliita moja zaidi. Alipokuja mara ya nne, mkaza mwana akiwa dirisha la dawa, aliniinamia akaniambia Ramadhani inakaribia na yeye hajawahi kuacha kufunga. Ameshaamua kuacha sindano ya insulini mchana ili afunge, na hakutaka daktari ajue. Hildegard Peplau aliandika mwaka 1952 kwamba uhusiano wa muuguzi na mgonjwa hupita hatua kwa hatua, kuanzia watu wawili wasiojuana, na kwamba mgonjwa hutumia msaada wetu kikamilifu baada ya kututambua. Bibi alihitaji safari nne kunitambua. Ningemkemea pale, safari ya tano isingekuwepo. Nilimshukuru kwa kuniambia, nikamwomba ruhusa tumshirikishe daktari, naye daktari akaeleza kwa upole hatari ya kufunga akiwa na kidonda kile na sindano zile. Ruhusa ya mgonjwa kutofunga aliijua, ipo kwenye Qur'ani, lakini alitaka kuisikia kwa shekhe wa msikiti wao. Mwanawe akampeleka. Mwaka ule hakufunga.

Orem ndiye aliyebaki kwenye jalada la faili lake mpaka mwisho, kwenye ule mfumo wa kugawana kazi. Mkaza mwana anaosha na kukausha. Bibi anashika kioo kidogo, anakiweka chini ya mguu na kuukagua mwenyewe kila jioni, kwa kuwa kujitazama mguu hakuna jirani atakayekusema. Siku waliyokuja ngozi ikiwa imefunga, alikitoa kile kioo kwenye pindo la kanga kunionyesha. Kilikuwa kimepasuka pembeni, nikampa kingine.