Majibu ya mkeo si majibu yako: maswali ya wanaume kuhusu kupima VVU

Swali: Wanawake wenye VVU ni wengi kuliko wanaume. Kwa nini basi mnatuandama sisi?

Jibu: Ni kweli. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2016 na 2017 ulikuta maambukizi ya asilimia 6.5 kwa wanawake wa miaka 15 hadi 64, na asilimia 3.5 kwa wanaume wa umri huo. Maumbile yanachangia, lakini yanachangia pia maisha tuliyojipangia: binti huwa na mwenza aliyemzidi miaka mingi, na mke anayemtegemea mume kwa unga na sare za shule hana ubavu wa kudai kondomu. Hata hivyo, anayefikishwa kituoni kwetu akiwa amebebwa, kifua kikuu kimeshamkausha, mara nyingi ni mwanaume.

Swali: Kwa nini iwe hivyo?

Jibu: Kwa sababu huchelewa. Mwanamke hupimwa anapoanza kliniki ya ujauzito, kisha humrudisha mtoto kwa chanjo na kupimwa uzito, hivyo mlango wa zahanati ameuzoea. Mwanaume hana safari ya namna hiyo. Kituo hufunguliwa saa ambazo yeye yuko kwenye bodaboda au machimboni, foleni humla ujira wa siku, na tangu utotoni ameambiwa kwamba dume halilalamiki, kwa hiyo homa za kila wiki huziita uchovu na kuzimezea panadol. Hayo nayaelewa. Kinachonichosha ni hoja inayofuata.

Swali: Mke wangu alipimwa kliniki, hana. Si ina maana nami sina?

Jibu: Hapana. VVU haviambukizwi katika kila tendo la ndoa, na wenza wanaweza kuishi miaka mingi mmoja akiwa navyo na mwingine hana. Wenza wenye majibu tofauti tunawahudumia siku zote. Kipimo cha mkeo kilisoma damu ya mkeo, basi.

Swali: Hata kama watoto wetu wote ni wazima, nami nina afya na nguvu za kazi?

Jibu: Hata hivyo, hapana. Mtoto huzaliwa na VVU kutoka kwa mama yake, kwa hiyo uzima wake haushuhudii lolote kuhusu damu ya baba. Nguvu nazo hazishuhudii, kwani virusi huweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili, huku kinga ikiliwa kidogo kidogo. Nasema tena, kwa kuwa swali hili huulizwa kwa sura kumi tofauti: majibu ya mkeo si majibu yako.

Swali: Yeye amekutwa navyo, mimi sijapima. Si yeye aliyevileta?

Jibu: Aliyepimwa kwanza si lazima awe aliyeambukizwa kwanza. Alipimwa kwa kuwa alikuwa mjamzito, nawe ulibaki nyumbani. Kumpiga au kumfukuza mama wa watoto wako kwa sababu alitangulia kujua ni ukatili, wala hakukupi majibu yako. Wapo pia wanaochota kimyakimya vidonge vya VVU kwenye kopo la mke. Hao humpunguzia mke dozi, nao wenyewe hawafuatiliwi wingi wa virusi.

Swali: Nikikutwa navyo?

Jibu: Tangu mwaka 2016 dawa huanzishwa mara maambukizi yanapothibitishwa, bila kungoja CD4, yaani idadi ya chembe za kinga kwenye damu, ishuke, nazo hazilipiwi. Anayezimeza kila siku hadi virusi visionekane kwenye kipimo, na akabaki hivyo, hamwambukizi mwenza wake kwa kujamiiana.

Swali: Sitaki kuonekana kwenye foleni ya kupima. Nifanyeje?

Jibu: Marekebisho ya sheria ya UKIMWI ya Tanzania, yaliyofanywa mwaka 2019, yaliruhusu mtu kujipima mwenyewe. Kifaa hupitishwa kwenye fizi, na maelekezo yake yafuatwe hadi dakika ya mwisho. Kikionyesha maambukizi, njoo kituoni tuthibitishe kwa damu kabla hujamwambia mtu kwamba unavyo. Kikionyesha huna, na ulijihatarisha karibuni, rudia baada ya miezi mitatu. Aliye tayari kwenye dawa asikitumie, kwa kuwa kinaweza kumdanganya. Na mkeo akikuletea kifaa hicho kutoka kliniki, ni chako. Usimrudishie apime yeye kwa niaba yako, maana hilo nalo nimeliona.