Gairsoppa: meli iliyotengwa na makaa ya mawe

Meli ya mizigo Gairsoppa inapotajwa, wengi huuliza kwanza habari za shehena yake ya madini ya fedha. Mimi, ambaye kazi yangu ni historia ya meli za mvuke, huanza na makaa ya mawe, kwa kuwa upungufu wake ndio ulioitenga na meli nyenzake.

Iliundwa Jarrow, Uingereza, mwaka 1919, ikamilikiwa na Kampuni ya British India, ile ile ambayo meli zake za abiria zilijulikana sana Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam. Desemba 1940, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, iliondoka Calcutta, India, ikiwa na chuma ghafi, chai na madini ya fedha, na huko Freetown, Sierra Leone, ikajiunga na SL 64, msafara wa meli zilizosafiri pamoja kwa ajili ya ulinzi kuelekea Uingereza, ulioondoka tarehe 30 Januari 1941.

Tanuri za meli ya aina hii hazipumziki: bahari ikichafuka, wachochea moto huendelea kutupia makaa kwa koleo ili mvuke usipungue, ilhali meli yenyewe husogea kidogo tu kwa sababu mawimbi na upepo vinaikabili. Ndivyo akiba ya Gairsoppa ilivyoliwa na tufani za Atlantiki, hata nahodha akaona kwamba hatafika akiufuata msafara, akauacha, akapunguza mwendo na kuelekea Galway, Ireland. Sioni kosa katika uamuzi huo. Meli iliyoishiwa makaa katikati ya bahari haina usukani wala ulinzi. Ndege ya Kijerumani iliiona tarehe 16 Februari, na usiku wa kuamkia tarehe 17 nyambizi U-101 ikaipiga kwa topido.

Mashua moja ya kuokolea ilielea siku 13 hadi Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, huku baridi na kiu vikiwaua waliomo mmoja baada ya mwingine, kisha ikapinduka karibu na miamba. Aliyeokolewa ni Richard Ayres, afisa wa pili, peke yake.

Mabaki yalipatikana mwaka 2011, kwenye kina cha takriban mita 4,700, na tani zipatazo 110 za fedha zikaopolewa mwaka 2012 na 2013. Habari hiyo ilienea duniani kote. Haikuenea vivyo hivyo habari kwamba wengi wa mabaharia wake walikuwa Wahindi, wakiwemo wale waliozilisha tanuri hizo, na kwa maoni yangu historia ya Gairsoppa isiyowataja haijakamilika.