Telomerasi: dhana potofu zinazosambaa na ukweli wake

"Telomerasi ni ya seli za saratani tu."
Si kweli. Telomerasi ni kimeng'enya kinachorefusha ncha za kromosomu, yaani nyuzi za DNA ndani ya seli. Jeni ya TERT, inayotengeneza sehemu kuu ya kimeng'enya hiki, imo katika kila seli yenye kiini mwilini, kwenye kromosomu ya 5. Katika seli nyingi za mtu mzima imezimwa, ndiyo maana ncha za kromosomu, yaani telomea, hupungua kila seli inapogawanyika. Seli za uzazi huiacha ikifanya kazi. Hata chembe nyeupe za damu huiwasha kwa muda zinapopambana na maambukizi.

"Ikiwaka tu, umepata saratani."
Mwaka 1998 watafiti wa Marekani waliingiza TERT katika seli za kawaida za binadamu. Zilivuka kikomo chao cha kugawanyika, lakini hazikugeuka kuwa saratani. Telomerasi huipa seli iliyokwisha kuharibika muda wa kuendelea kuzaana. Uharibifu wenyewe hutoka kwingine.

"Saratani zote huiwasha kwa njia moja."
Hapa ndipo pana utamu. Mwaka 2013 iligundulika kwamba katika melanoma nyingi, aina ya saratani ya ngozi, hubadilika herufi moja tu ya DNA, C kuwa T, nje kidogo ya jeni yenyewe, kwenye eneo linaloiamuru iwake au izime. Badiliko hilo dogo huunda mahali papya pa kushikia protini za kundi la ETS, nazo huiamsha TERT. Saratani ya mlango wa kizazi ina njia yake: protini E6 ya virusi vya HPV huichochea jeni hiyo hiyo. Seli za HeLa, zilizochukuliwa mwaka 1951 kwa Henrietta Lacks, mgonjwa wa saratani hiyo, bila ridhaa yake, zina HPV aina ya 18, na hadi leo zinagawanyika maabara. Tena kuna saratani, takriban asilimia 10 hadi 15, zisizoihitaji telomerasi kabisa: hurefusha telomea kwa kunakili DNA ya telomea nyingine.

"Vidonge vya kurefusha telomea hurudisha ujana."
Wauzaji hawasemi kwamba waliorithi telomea ndefu kuliko kawaida wana hatari kubwa zaidi ya kupata baadhi ya saratani, melanoma ikiwemo.

"Basi tuizime, saratani iishe."
Imetelstat, dawa inayoizuia telomerasi, iliidhinishwa Marekani mwaka 2024, tena kwa wagonjwa wachache tu: wenye upungufu wa damu unaotokana na ugonjwa wa uboho, wanaotegemea kuongezewa damu. Kwenye uvimbe wa saratani, telomea huchukua muda kufupika, na muda huo wote seli za saratani zinaendelea kugawanyika.